Spika mpya wa Bunge la wanafunzi: akidi haitimii, bajeti haijapita, waziri wa fedha anatakiwa aondoke. Naanzia wapi?

Spika_Mgeni:

Habari za jioni wadau. Naomba mwongozo kwa wanaozijua kazi hizi, maana katiba ninayo mkononi lakini kila mtu anaisoma anavyotaka.

Chuo ni cha umma, Tanzania, wanafunzi kama 6,200. Muundo ni ule uliozoeleka: Rais na Makamu wanachaguliwa na wanafunzi wote, Rais anateua Waziri Mkuu na mawaziri, halafu kuna Bunge la viti 84 kutoka vitivo, mabweni na makundi maalumu. Mchango wa serikali ya wanafunzi ni Sh 5,000 kwa mwaka, unaingia akaunti ya chuo. Tuliapishwa mwezi wa tano.

Mpaka leo vikao viwili vimevunjika. Ili akidi itimie, yaani kikao kiwe halali, katiba inataka "nusu ya wabunge wote" wawepo. Cha kwanza walikuja 37, cha pili 40. Bajeti haijapita. Mwaka wa kwanza wanaingia mwezi ujao na Serikali inataka Sh milioni 9 za bonanza la kuwakaribisha, inasema Bunge litabariki baadaye. Mhasibu wa chuo kagoma kuzitoa. Juu ya hayo, nimeletewa karatasi yenye saini 30 ya kutokuwa na imani na waziri wa fedha.

Naanza na lipi? Na hiyo karatasi naweza kuipeleka kikaoni ilivyo?

Karani_wa_Kiti:

Hongera kwa kiti, Mheshimiwa. Anza na akidi. Bila akidi mengine yote ni soga.

Kabla hujawahesabu waliohudhuria, wahesabu waliopo. Viti 84 vilijazwa mwezi wa tano. Tangu hapo kuna waliomaliza, matokeo ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) yametoka na kuna waliodisko, yaani walioondolewa masomoni kwa kufeli, kuna walioahirisha masomo, na pengine wawili watatu wamehamia chuo kingine. Hao si wanafunzi wa chuo chako tena, au kwa sasa hawana hadhi hiyo, na katiba nyingi zinasema ubunge unakoma uanafunzi ukikoma. Peleka orodha nzima ofisi ya usajili, majina na namba za usajili, uombe wakujibu kwa maandishi nani bado amesajiliwa. Walioahirisha waangalie peke yao, kuna katiba zinazowaachia kiti.

Tuseme tisa wametoka. Waliobaki ni 75, na nusu yao ni 38. Kwa hesabu hiyo kile kikao chako cha watu 40 kilikuwa na akidi! Ila usijaribu kukifufua. Ulishatangaza kimevunjika, basi kimevunjika. Itisha kingine.

Angalia neno lenyewe lililoandikwa. "Wabunge wote" ni watu wanaoshikilia viti. "Viti vyote" ni 84 hata kama nusu vimeota vumbi. Kama katiba yako inasema viti, huna ujanja, andikia Tume ya Uchaguzi ifanye chaguzi ndogo kwanza.

Kuhusu siku. Usiitishe kikao wiki ya majaribio, wala Ijumaa mchana, wala siku bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linapoingia (siku hiyo hata Rais humpati). Jumamosi saa 3 asubuhi ndiyo inayozaa watu. Taarifa itoke siku saba kabla ikiwa na orodha ya shughuli na rasimu ya bajeti yenyewe ndani. Mbunge anayekutana na bajeti ya kurasa 14 mlangoni atatafuta sababu ya kuahirisha, na sababu ya karibu kuliko zote ni akidi.

Karatasi ya mahudhurio iwe na safu mbili, kuingia na kutoka, na posho ya nauli ilipwe kwa saini ya pili. Wakisaini mara moja tu mlangoni, saa tano ukumbi una watu 20, na mtu mmoja akisimama kuomba kiti kihesabu akidi, umekwisha. Hesabu unapofungua, hesabu tena kabla ya kila kura, na namba ziingie kwenye muhtasari zote mbili.

Kitabu_cha_Fedha:

Mhasibu wenu yuko sahihi, na nitaeleza kwa nini ili msimwone adui.

Hela ile mnaiita ya kwenu, lakini ikishaingia akaunti ya chuo cha umma inatoka kwa taratibu za fedha za umma. Hoja ya ukaguzi ikija haimwendei Rais wa wanafunzi, ambaye mwezi wa saba atakuwa ameshahitimu. Inamwendea mhasibu na Mshauri wa Wanafunzi, yule mtumishi wa chuo anayesimamia mambo ya wanafunzi.

Njia yake kwa kawaida iko hivi: wizara husika ya serikali ya wanafunzi inaandika dokezo (ombi la malipo) likitaja kifungu cha bajeti, linaambatanishwa na nakala ya muhtasari wa kikao kilichopitisha bajeti hiyo, na ankara kifani (karatasi za bei kabla ya kununua) tatu kutoka kwa wauzaji tofauti. Wanasaini watia saini wa serikali ya wanafunzi, kisha Mshauri wa Wanafunzi, ndipo linafika uhasibu kutengenezewa hati ya malipo. Sasa niambie, kwenye dokezo la hizo milioni 9 mtaandika kifungu gani? Hakuna. Ndiyo maana limerudi.

Kuna jambo ambalo viongozi wengi wa wanafunzi hawaambiwi. Malipo yasiyoweza kwenda moja kwa moja kwa muuzaji hutoka kama masurufu, yaani fedha anayokabidhiwa mtu aitumie kisha aitolee hesabu, na masurufu mara nyingi hutolewa kwa jina la mtumishi. Sababu ni nyepesi: mtumishi asiporejesha masurufu kwa risiti, anakatwa mshahara. Mwanafunzi hana mshahara wa kukatwa. Kwa hiyo mnapomlalamikia Mshauri wa Wanafunzi kwamba "anachelewesha hela zetu", kumbukeni analolitia saini ni deni lake mwenyewe. Rais aliyetangulia akimwachia risiti za kuandikwa kwa mkono za laki nane, msitegemee awachekee.

Risiti basi. Muuzaji atoe risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) yenye tarehe ya shughuli, siyo ya wiki mbili baadaye. Mama lishe wa getini anapika vizuri na bei yake ni nafuu, lakini hana mashine, na sahani 300 za Sh 2,500 ni 750,000 ambayo hutaweza kuirejesha. Tafuta mpishi mwenye mashine hata kama kila sahani inazidi kwa Sh 500. Posho za waamuzi, washereheshaji na walinzi ziwe na orodha: jina, kiasi, namba ya simu, saini, yote mstari mmoja kwa kila mtu. Ukikuta mwandiko mmoja umesaini mistari kumi, irudishe kabla mkaguzi hajakurudishia wewe.

Tuje kwenye mapato. Serikali yenu imepiga 6,200 mara 5,000 ikapata milioni 31 na kupanga matumizi ya milioni 31. Hapo ndipo bajeti za wanafunzi zinapofia. Bodi ya Mikopo haimlipii mwanafunzi mchango huu. Mkopo una ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na kadhalika. Sh 5,000 yenu inatoka mfukoni, kwa hiyo wengi wanalipa baada ya bumu, na wengine wanasubiri mpaka mfumo uwazuie kuona matokeo. Mwezi ujao mwaka wa kwanza watakuwa hawajalipa hata senti. Kama ni 2,000, hapo milioni 10 bado ziko hewani. Panga kwa asilimia 75 mpaka 80 ya makadirio, sema milioni 24, na matumizi makubwa yasogeze nyuma. Bonanza la milioni 9 ni zaidi ya theluthi ya mwaka mzima, na linafanyika katika mwezi ambao akaunti ni nyembamba kuliko yote.

Njia ya halali mliyobaki nayo: kama katiba inaruhusu, Bunge lipitishe azimio la matumizi ya muda, kwa mfano robo ya bajeti ya mwaka jana, kwa shughuli zilizotajwa moja moja. Mapokezi ya mwaka wa kwanza yaingie humo kwa milioni 2 au 3: vipeperushi, maji, mahema, vipaza sauti. Michezo isubiri.

Haki_Kwanza:

Kuhusu karatasi ya saini 30: usiipeleke ilivyo. Kuna maswali matatu ya kuiuliza kwanza.

La kwanza ni kama Bunge lako lina mamlaka ya kumwondoa waziri. Umesema mawaziri wanateuliwa na Rais. Katiba nyingi za aina hiyo zinaliruhusu Bunge kumwondoa Rais, Makamu, pengine Waziri Mkuu, na Spika mwenyewe (usisahau hilo!). Waziri anabaki mikononi mwa aliyemteua. Kama ndivyo, mnachoweza kupitisha ni azimio la kumtaka Rais amwondoe, na hilo ni la kura ya kawaida. Mkilipitisha kama kura ya kutokuwa na imani, waziri atakata rufaa kwa Mshauri wa Wanafunzi na atashinda kwa mstari mmoja, hata tuhuma zikiwa za kweli.

La pili, saini ni za nani? Ukikuta katiba inataka theluthi ya wabunge, theluthi ya 84 ni 28. Thelathini inatosha juu juu. Zilinganishe na orodha mpya aliyokushauri Karani: wakitoka watatu ambao si wanafunzi tena, umebaki na 27. Ila na kigezo kimeshuka, kwa kuwa theluthi ya 75 ni 25. Lazima utumie orodha ile ile kwa hesabu zote. Spika anayetumia 75 kwenye akidi na 84 kwenye saini anajitafutia rufaa.

La tatu, tuhuma zimeandikwaje. "Matumizi mabaya ya madaraka" siyo tuhuma, ni kichwa cha habari. Tuhuma ni kama hivi: "tarehe fulani aliagiza fulana 200 bila ankara kifani tatu, kinyume na kanuni ya fedha namba fulani." Warudishie waandike upya, kila tuhuma na tarehe yake na kifungu chake. Wakishindwa, huenda hawakuwa na kitu zaidi ya hasira.

Hoja ikirudi imekamilika, mpe waziri nakala kwa maandishi, asaini kuipokea, na umpe siku saba za kujibu. Unda kamati ya watu watano ambao hawakusaini hoja. Hapa ndipo panapoharibika mara kwa mara: walewale waliosaini ndio wanachunguza, ndio wanahutubia, ndio wanapiga kura. Hata chuo kikiwa na nia njema na nyinyi kitaufuta uamuzi huo, maana mtu hawezi kuwa mlalamikaji na hakimu wa kesi yake. Siku ya kikao aliyeleta hoja aseme, kamati isome ripoti, waziri ajitetee mwisho. Kura iwe ya siri.

Na kama kura yenyewe inadai theluthi mbili, ni theluthi mbili ya nini? Ikiwa ni ya wabunge wote 75, unahitaji 50. Ikiwa ni ya waliohudhuria na mmekuja 48, unahitaji 32. Soma kifungu kwa sauti ukumbini kabla kura hazijapigwa. Kikisomwa baada ya kuhesabu, kila upande una theluthi yake.

Comrade_wa_Bonde:

Nachungulia kutoka Kenya. Nyinyi mna Bunge zima, sisi sheria ilitupunguzia. Marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliandika muundo ndani ya kifungu cha 21: baraza la wanafunzi la watu saba, yaani mwenyekiti, naibu wake ambaye lazima awe wa jinsia tofauti na mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina, na watatu wa makundi yenye mahitaji maalumu. Muhula ni mwaka mmoja, na mtu haruhusiwi zaidi ya mihula miwili. Hiyo ya mwisho iliwauma waliozoea kukaa.

Kikubwa zaidi ni kura yenyewe. Mwanafunzi hamchagui mwenyekiti moja kwa moja. Idara, shule au kitivo kinakuwa jopo la uchaguzi, kinatoa wajumbe watatu ambao si wagombea na wasiwe wa jinsia moja wote, na wajumbe hao ndio wanaolichagua baraza ndani ya siku 30. Nia ilikuwa kutuliza kampeni za fujo na pesa. Lakini piga hesabu: chuo chenye majopo 20 kina wajumbe 60, na 31 wanatosha kukupa kiti. Kuwapikia watu 31 ni rahisi kuliko kuwashawishi 15,000. Pia sheria haikuwapa wajumbe hao kazi ya wazi ya kulisimamia baraza kura zikishapigwa. Katiba ya chama isipowapa kazi hiyo, wanatawanyika na hakuna wa kuuliza hela imeenda wapi. Ni katika mabadiliko hayo SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ikaacha jina lake ikawa UNSA.

Kwa hiyo Spika, hilo Bunge la watu 75 linalokusumbua, litunze.

Mlimani_Kongwe:

Mnamfundisha kijana kuomba ruhusa. Dawa ni moja: serikali ya wanafunzi iwe na akaunti yake benki na watia saini wake, chuo kikusanye na kuhamisha. Mshauri wa Wanafunzi abaki mshauri, kama jina lake linavyosema.

Historia ya jambo hili mnaijua. Julai 1971 rais wa DUSO, chama cha wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni na askari baada ya kumwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za maslahi ya viongozi wa nchi, mamia wakafukuzwa, DUSO ikafutwa, ikaletwa MUWATA, chama kingine cha wanafunzi, chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, CCM. DARUSO, serikali ya wanafunzi ya chuo hicho, haikuja mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huu mlolongo wa saini mnaousifia haukuletwa na wahasibu peke yao.

Kitabu_cha_Fedha:

Mzee wangu, historia sikupingi, na akaunti ya peke yake si dhambi. Lakini watia saini wanabadilika kila mwaka. Benki inataka barua ya chuo kuwathibitisha wapya, muhtasari wa kikao kilichowateua, na wa zamani waondolewe. Makabidhiano yakiwa mabovu, wa zamani wameshahitimu wapo Kigoma na Mtwara, na akaunti inalala miezi mitatu. Au inakuwa mbaya zaidi: wa zamani bado wanaweza kutoa. Kama mnaifuata njia hiyo, wekeni saini tatu, mojawapo ya mtu asiyehitimu, na taarifa ya benki ibandikwe ubaoni kila mwezi. Mkishaweka hayo yote mtakuta mmerudi karibu kabisa na pale mlipotoka.

Spika_Mgeni:

Nashukuru sana wakuu. Nimepeleka orodha usajili leo asubuhi: nane wametoka, tumebaki 76, kwa hiyo akidi ni 38. Kikao Jumamosi ijayo saa 3, hoja ni azimio la matumizi ya muda peke yake. Karatasi ya waziri nimeirudisha kwa wahusika.

Swali la mwisho: nifanye nini mwakani atakayenirithi asikute haya haya?

Karani_wa_Kiti:

Kalenda yenu ndiyo mbovu, wala si watu. Mnaapishwa mwezi wa tano, wa sita mnajiandaa na mitihani, wa saba UE, kisha likizo mpaka wa kumi. Bunge lina wiki tano za kufanya kazi, na zinaliwa na semina elekezi pamoja na kugombania wizara. Ama msogeze uchaguzi hadi mwezi wa tatu, ama mwandike kwenye kanuni kwamba serikali inayotoka iache rasimu ya bajeti, na Bunge jipya lipitishe matumizi ya muda ndani ya siku 14 za kuapishwa. Bajeti kamili ije mwezi wa kumi na moja, usajili wa mwaka wa kwanza ukishafungwa na mnajua idadi halisi. Kubadili katiba kunadai theluthi mbili na kibali cha Baraza la Chuo, hutakimaliza muhula wako. Kanuni za Bunge kwa kawaida Bunge linazibadili lenyewe. Anzia huko.

Makabidhiano yafanyike kwa orodha, mbele ya Mshauri wa Wanafunzi, kabla ya kiapo: mhuri, funguo za ofisi na za kabati, daftari la mihtasari lenye kurasa zilizopewa namba, faili la masurufu ambayo hayajarejeshwa na majina ya wanaodaiwa, nywila ya barua pepe ya Bunge, na uongozi wa lile kundi la WhatsApp la wabunge. Mhuri hupotea zaidi kuliko vyote. Uandike kwanza.

Spika_Mgeni:

Mhuri wenyewe tulikabidhiwa bila kidau cha wino, na una jina la kitivo kilichounganishwa na kingine mwaka juzi. Naagiza mpya.

Kitabu_cha_Fedha:

Kwa ankara kifani tatu.